Gridi, Kisanduku na Kidirisha: Historia ya Ramani za Takwimu na Majina Tunayozipa

Neno ramani limeishi katika Kiswahili kwa muda mrefu hata wengi wetu hatukumbuki kuwa lilihamia. Hunasibishwa na jina ambalo mabaharia Waarabu wa Bahari ya Hindi waliviitia vitabu vyao vya safari, nalo jina hilo lilitoka katika Kiajemi, likiwa na maana ya kitabu cha kuonyesha njia. Ndani ya vitabu hivyo mlikuwa na nyota za kufuata, dalili za bandari, na majira ya kusi na kaskazi. Kwa hiyo ramani ya kale haikuwa picha ya nchi, bali maelezo ya namna ya kufika. Baadaye neno likahamia kwenye karatasi iliyochorwa, kisha hata kwenye mchoro wa fundi mwashi, wala hakuna aliyelalamika.

Leo neno hilo linatakiwa kubeba mzigo mwingine. Mtu aliyezoea ramani ya ukutani akifungua taarifa ya hali ya hewa hukuta katika ukurasa mmoja ramani kumi na mbili za nchi ileile, moja kwa kila mwezi, zote zimejaa vipande vidogo vya rangi vilivyopangwa kama vigae vya sakafu. Michoro hiyo haikuchorwa kwa mkono. Imetolewa na kompyuta kwa lugha ya programu ya takwimu, mara nyingi ile iitwayo R. Mfasiri anayetakiwa kuieleza kwa Kiswahili hupata taabu mara moja. Akitafuta jina la kile kisehemu cha ukurasa chenye ramani ya mwezi mmoja, kamusi humpa jopo, yaani watu walioketi kuamua jambo. Akitafuta kitenzi cha kuchora data, huletewa kula njama, au kiwanja cha kujengea nyumba. Na akitafuta jina la kipande kimoja cha rangi, huambiwa aandike nukta, naye kwa kuwa neno hilo linasikika vizuri, huliandika na kuendelea.

Ni juu ya hilo la mwisho hasa tunapotaka kusimama. Tunaona kwamba historia ya ramani hizi inakataa kipande hicho kuitwa nukta, na kwamba jambo hili si la urembo wa lugha. Afisa wa kilimo anayedhani kwamba kila kipande ni mahali palipopimwa mvua ataiamini ramani pale ambapo haistahili kuaminiwa.

Msomaji aliyewahi kuketi kwenye bao anaijua gridi tayari. Ubao una safu nne za mashimo manane manane. Mahali pa shimo hapabadiliki. Kinachobadilika ni idadi ya kete zilizomo. Ukiandika karatasini idadi ya kete za kila shimo, kwa mpangilio uleule wa ubao, umekwisha kuandika data za gridi. Ukiandika tena baada ya kila zamu, kisha ukazipanga karatasi zako ukutani kwa mfuatano, umepata ile picha ya ramani nyingi ndani ya ukurasa mmoja. Lakini kete za bao zimehesabiwa moja moja, ilhali thamani iliyomo katika gridi ya ramani mara nyingi imekadiriwa. Historia yote inayofuata imesimama juu ya tofauti hiyo.

Yafaa tuanze na Mwingereza Lewis Fry Richardson, ambaye kitabu chake cha kutabiri hali ya hewa kwa hesabu kilitoka mwaka 1922. Richardson aliigawa sehemu ya Ulaya katika miraba mfano wa ubao wa drafti, kila mmoja ukiwa na nyuzi 3 za longitudo kwa upana na kilomita 200 kwa urefu. Miraba ya aina moja ilitunza mgandamizo wa hewa, na ile ya aina ya pili ikatunza mwendo wa hewa. Kazi hiyo aliifanya kwa mkono, kwa sehemu kubwa alipokuwa akihudumu katika kikosi cha magari ya wagonjwa huko Ufaransa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mswada wake ulipotea katika mapigano ya Champagne mwezi Aprili 1917, ukaja kuonekana miezi kadhaa baadaye nchini Ubelgiji, chini ya lundo la makaa ya mawe. Siku aliyoichagua kwa jaribio lake ilikuwa tarehe 20 Mei 1910, kwa kuwa siku hiyo maputo ya kupimia hewa yalirushwa mahali pengi barani Ulaya, na ramani za vipimo hivyo zilikuwa zimekwisha kuchapishwa na Vilhelm Bjerknes huko Leipzig.

Matokeo yanajulikana. Hesabu ya Richardson ilisema kwamba katika muda wa saa sita mgandamizo wa hewa ungepanda kwa hektopaskali 145, jambo lisilotokea duniani. Siku yenyewe haukubadilika kwa kiasi cha kutajwa. Wengi wamelisimulia tukio hili kama kichekesho. Sisi tunavutwa na jambo dogo ndani yake. Maputo hayakurushwa katikati ya miraba. Yalirushwa pale palipokuwa na vituo, nayo miraba ilijazwa kwa kusoma ramani na kukadiria kilichokuwa baina ya kituo na kituo. Mwaka 2006 Peter Lynch, mtaalamu wa hali ya hewa wa Ayalandi, alichapisha kitabu kinachoirudia hesabu ile, akaonyesha kwamba chanzo kikubwa cha kosa kilikuwa katika takwimu za mwanzo zilizojazwa mirabani, ambamo upepo na mgandamizo wa hewa havikuafikiana. Yaani tangu siku yake ya kwanza katika kazi hii, mraba uliokuwa na namba ndani yake ulionekana kama kipimo, kumbe ulikuwa kadirio.

Haki inatudai tuseme kwamba nukta nayo ina mahali pake. Mwaka 1950, Jule Charney, Ragnar Fjørtoft na John von Neumann walipoitumia kompyuta ya ENIAC huko Marekani kufanya kile alichoshindwa Richardson, hesabu yao ilifanywa kwa nukta hasa, zikitengana kwa kilomita 736. Palipo na makutano ya mistari ndipo palipo na namba, na baina yake hapana kitu. Huko neno nukta ni sahihi, wala hatuna sababu ya kuligusa. Kosa huanza pale namba ya mahali padogo inapotandazwa rangi juu ya eneo zima, na jina likabaki lilelile.

Kutandaza huko kulianza kwa namna ya kuchekesha kidogo. Mwaka 1963 Howard Fisher, msanifu majengo wa Marekani, alianza kutengeneza programu iliyoitwa SYMAP, naye mwaka 1965 akaanzisha maabara ya michoro ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Harvard. Mashine za kuchapia za wakati ule hazikujua kuchora. Zilijua kupiga herufi, mstari kwa mstari, kama taipureta. Fisher aliigeuza herufi kuwa rangi. Palipotakiwa weupe paliachwa wazi au pakapigwa kitone. Palipotakiwa weusi herufi mbili tatu zilipigwa juu ya nyingine hadi karatasi ikaloa wino. Kwa vile nafasi ya herufi ni ndefu kuliko upana wake, vipande vya ramani hizo havikuwa miraba kamwe. Ndiyo sababu hatupendekezi jina mraba pia, ingawa linapendwa sana: umbo la kipande si sifa yake ya lazima.

Ndani ya SYMAP mlikuwa na swali lilelile la Richardson: kipande kisicho na kituo kijazwe nini? Mwaka 1968 Donald Shepard, aliyekuwa bado mwanafunzi wa shahada ya kwanza huko Harvard, alitoa kanuni ambayo inatumika hadi leo: kila kituo kipewe uzito, cha karibu uzito mkubwa na cha mbali uzito mdogo. Barani Afrika tayari Danie Krige alikuwa amelikabili swali hilo mwaka 1951 katika migodi ya dhahabu ya Witwatersrand, ambako mashimo ya uchunguzi ni machache na makosa ni ghali, na Mfaransa Georges Matheron akaijenga kanuni yake kuwa taaluma kamili. Kazi hii yote Kiswahili hakijaipa jina lililokubalika. Tunaona ukadiriaji baina ungetosha, kwa kuwa unasema wazi kinachofanyika na mahali kinapofanyika.

Sasa tuingie katika lugha za takwimu. Lugha ya S ilianzishwa mwaka 1976 katika maabara ya Bell huko Marekani na John Chambers na wenzake. Kutokana nayo walizaa R Ross Ihaka na Robert Gentleman wa Chuo Kikuu cha Auckland, Nyuzilandi, ambao waliitangaza mwaka 1993. Toleo lake la 1.0.0 lilitoka tarehe 29 Februari 2000. R hutolewa bure, na kwa sababu hiyo hufika hata kwenye ofisi zisizo na fungu la kununulia programu.

Katika R mna amri moja ya kuchora gridi ambayo ingefaa kufundishwa katika kila darasa la istilahi. Ukiipa jedwali lenye safu za mlalo na safu za wima, haitachora kama lilivyoandikwa. Itazichukua safu za mlalo kuwa mwendo wa kushoto kwenda kulia, na safu za wima kuwa mwendo wa chini kwenda juu, hata picha inayotoka ni jedwali lililogeuzwa robo mduara kinyume cha saa. Kasoro ya mashine haihusiki hapa. Mwanahesabu huanzia chini kushoto, palipo na sifuri ya grafu. Mwandishi wa jedwali huanzia juu kushoto, pale anapoanzia msomaji. Maelekezo ya Kiswahili yanayosema safu tu, bila kueleza ni ya mlalo au ya wima, yatamfanya mwanafunzi aipindue nchi yake ubavu asijue kwa nini.

Tukifika kwenye ukurasa wenye ramani nyingi, hadithi inapata utamu. Wazo lenyewe ni la zamani: atlasi ya takwimu ya Marekani iliyohaririwa na Francis Walker mwaka 1874 ilikuwa na kurasa zenye michoro midogo inayofanana, mmoja kwa kila jimbo. Lakini aliyelifanya kuwa kanuni katika programu ni William Cleveland wa maabara ya Bell, pamoja na Richard Becker na Ming-Jen Shyu. Mfano wao mashuhuri hauhusu ramani bali shayiri. Katika jimbo la Minnesota aina 10 za shayiri zilipandwa katika vituo 6 mwaka 1931 na mwaka 1932, na mavuno yakachapishwa mwaka 1934. Takwimu hizo zilipita mikononi mwa wanatakwimu wakubwa, akiwamo R. A. Fisher, kwa muda wa miaka karibu 60. Cleveland alipozichora katika vidirisha sita, kimoja kwa kila kituo, vyote kwa kipimio kimoja, jambo likajitokeza lenyewe: katika vituo vitano mavuno ya 1931 yalizidi ya 1932 kwa jumla, na katika kituo cha Morris ikawa kinyume. Katika kitabu chake cha mwaka 1993 alihoji kwamba miaka ya kituo hicho ilibadilishana majina kwa makosa. Mwaka 2013 Kevin Wright aliichunguza upya habari hiyo akitumia takwimu za miaka mingine, akaona kwamba hali ya hewa na tofauti za kawaida za mahali zingeweza kueleza yote bila kumlaumu karani. Sisi hatuamui kati yao. Linalotosha ni kwamba ubishi wenyewe usingezaliwa kama vituo vile visingewekwa ubavu kwa ubavu.

Mpangilio huo Cleveland na wenzake waliuita kwa jina la kiunzi cha vijiti ambacho mimea hutambaa juu yake. Mswahili haoni mmea. Anaona ukuta wa nyumba ya udongo kabla haujakandikwa, nguzo zimesimama, fito zimelazwa, na baina yake mna nafasi zinazongoja kujazwa. Hatudhani kwamba yupo atakayeeleza ukurasa huo vizuri zaidi. Deepayan Sarkar, aliyeuleta mpangilio huo katika R kwa programu iitwayo lattice na kuandika kitabu chake mwaka 2008, aliendelea na sitiari ileile ya fito.

Kwa zile nafasi zinazojazwa, tunapendekeza kidirisha. Paneli limekwisha kuchukuliwa na mafundi wa umeme wa jua, jopo tumelisema, na fremu ni mbao za pembeni wala si kilichomo. Kidirisha kina faida nyingine: mtu huchungulia madirisha mbalimbali ya nyumba moja akiona chumba kilekile kwa nyakati tofauti. Wako wanaopenda paneli kwa sababu linafanana na la kigeni, nasi hatutapigana nao, maana wajenzi wa nyumba moja hawagombei fito.

Ila katika lattice mna mtego ambao jina zuri haliwezi kuuondoa. Bila kuambiwa vingine, programu hiyo hupanga vidirisha kuanzia chini kushoto, kwa desturi ya grafu. Chukua ramani 12 za mvua ya Tanzania, katika safu tatu za vidirisha vinne vinne. Januari itakaa chini kushoto, na pale juu kushoto, anapoanzia macho kila asomaye Kiswahili, itakaa Septemba. Mwenye haraka atazisoma mvua za vuli mahali pa mwanzo wa mwaka na kuzikuta masika njiani kuelekea chini. Dawa yake ni neno moja katika amri, linaloiagiza programu ipange kama jedwali, pamoja na ule utepe wa juu ya kila kidirisha wenye jina la mwezi.

Hatari kubwa zaidi ni ya kipimio cha rangi. Ile amri ya kuchora gridi tuliyoitaja, ikitumiwa mara kumi na mbili, kila mwezi kwa zamu yake, huipa kila ramani kipimio chake yenyewe: thamani ya chini kabisa ya mwezi huo hupewa rangi ya mwisho mmoja, na ya juu kabisa rangi ya mwisho wa pili. Dodoma hupata mvua zake hasa kati ya Desemba na Aprili, na mwezi Julai mvua haipo. Lakini ramani ya Julai iliyochorwa peke yake itakuwa na maeneo yaliyokolea rangi kama ile ya Machi, kwa kuwa milimita chache zilizonyesha mahali fulani ndizo kubwa kuliko zote kwa mwezi huo. Ukizipanga pamoja umeandika uongo kwa kalamu safi. Programu za vidirisha zilikata mzizi wa jambo hili kwa kutumia ufunguo mmoja kwa ukurasa mzima. Ndivyo ilivyo pia katika rasterVis, programu ya R iliyotengenezwa na Oscar Perpiñán wa Hispania pamoja na Robert Hijmans, ambayo mfano wake unaojulikana zaidi ni ramani 12 za mionzi ya jua juu ya rasi ya Iberia mwaka 2008, mwezi kwa mwezi, zikiwa na ufunguo mmoja pembeni. Kwa Kiswahili tuseme kipimio shirika cha rangi, na rangi zenyewe zielezwe kwa vitenzi tulivyo navyo, kukolea na kupauka, ambavyo husema kiasi moja kwa moja bila kuhitaji majina ya rangi ishirini.

Turudi kwenye kile kipande. Mfano ulio karibu nasi ni data za mvua ziitwazo CHIRPS, zilizotengenezwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha California huko Santa Barbara pamoja na idara ya jiolojia ya Marekani, ambazo huanzia mwaka 1981 na hutumiwa sana katika kufuatilia ukame wa Afrika Mashariki. Kila kipande chake kina upana wa nyuzi 0.05, yaani kilomita 5.5 hivi karibu na Ikweta, sawa na eneo la takriban kilomita za mraba 30. Tanzania peke yake, pamoja na maziwa yake, hupata vipande zaidi ya 30,000. Vituo vya kupimia mvua nchini havikaribii idadi hiyo hata kidogo. Namba iliyomo katika kila kipande hutokana na setilaiti inayopima ubaridi wa vilele vya mawingu, kisha hurekebishwa kwa vipimo vya vituo vilivyopo, vya karibu au vya mbali. Katika miteremko ya Kilimanjaro, ambako upande wa kusini una mvua nyingi kuliko upande wa kaskazini na mita mia chache za kupanda hubadilisha mazao yote, kipande kimoja kinaweza kuchanganya migomba na nyika ndani ya rangi moja.

Mtu anayeambiwa kwamba ile ni nukta ataweka kidole juu ya shamba lake na kusema, hapa zilinyesha milimita 80. Anayeambiwa kwamba ni kisanduku atauliza kilichomo kimewekwa na nani, na kimechanganywa na nini. Kisanduku ni neno linalojulikana na kila aliyejaza fomu ya serikali. Lina mipaka, lina ndani, na halidai umbo la mraba. Seli tumeliacha kwa biolojia. Kitalu kilitushawishi, kwa kuwa ni eneo la ardhi kweli, lakini maofisa wa upimaji wa viwanja na wa uwindaji wanalitumia kisheria, na ramani ya mvua isije ikachukuliwa kuwa hati ya umiliki.

Gridi libaki lilivyo, kwa kuwa shule na shirika la umeme wamekwisha kulizoesha. Ramani yenye gridi iitwe ramani ya visanduku, na ukurasa wenye ramani kama hizo kadhaa uitwe ramani ya vidirisha. Lililobaki bila jina ni kisanduku kisicho na thamani yoyote, kama kile kilichoanguka katikati ya bahari, ambacho R hukiandika kwa herufi NA na kukiacha bila rangi. Wengine wanakiita kitupu, wengine kisanduku sifuri. Hilo la pili likataliwe mapema, kwa sababu mahali pasipopimwa na mahali pasiponyesha ni mambo mawili, na mkulima wa Dodoma anajua lipi kati ya hayo lilimpata.